Bustani Iliyochimbwa Kama Mgodi

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, Moliko Ramaqele aliijua nyumba yake ya Desemba tu. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilikuwa ikimwachia arudi kwetu Lesotho wakati wa Krismasi, na mara mojamoja Pasaka, kwa hiyo kichwani mwake kijiji cha Ha Lekena kilikuwa mahali penye pichi zilizoiva, mahindi mabichi na mke aliyevaa gauni jipya. Baridi ya Juni aliiacha utotoni, pamoja na ng'ombe aliowachunga. Kisha mgodi ukafungwa, wanaume wakarudishwa makwao na mablanketi yao, helmeti zao na vikohozi vyao, naye Moliko akaingia kijijini mwezi wa Machi, mwezi ambao kwa kawaida hakuonekana huko. Mbwa wake mwenyewe alimbwekea wiki nzima.

Mkewe, 'Malineo, hakumbwekea. Alimpokea vizuri sana, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu vizuri sana ni namna ya kumpokea mgeni. Alikuwa ameiendesha nyumba ile peke yake, akamlea binti yao Lineo mpaka akaolewa, na katika muda huo kila kitu kilipata mahali pake: ungo ukutani, chumvi juu ya kabati, mundu nyuma ya mlango. Mume hakupangiwa mahali. Akikaa hapa, alikuwa njiani. Akihamia pale, alikuwa amekalia kitu.

Moliko hakulalamika. Alikuwa na jambo lake. Kule chini, ambako hakuna jani wala jua, alikuwa amewasimulia wenzake wa bwenini juu ya bustani yake ya nyumbani, na kwa kuwa hakuwa nayo, hakuna kilichomzuia kuipanua. Ilianza na kabichi. Ikaongezwa vitunguu, kisha karoti, kisha uzio. Mmoja wa wenzake, mtu wa Msumbiji, alifikia mahali pa kumuuliza kwanza habari za kabichi, halafu za familia. Mtu akiisimulia bustani muda wote huo, anaanza kuiona aibu ya kutokuwa nayo. Moliko alitaka, kabla hajafa, ale kitu alichokipanda mwenyewe kwenye uwanja wake mwenyewe. Hakutaka zaidi ya hapo.

Uwanja ulikuwepo. Chini ya nyumba, nyuma ya mipichi, palikuwa na kipande cha mteremko chenye udongo mweusi mwembamba juu na mfinyanzi wa manjano chini yake, ambacho 'Malineo hakuwahi kupata nafasi ya kukishughulikia. Yeye alikuwa na mistari yake ya spinachi mlangoni, ikamtosha. Lakini kipande hicho kilikuwa na mchumba mwingine. Poloko, mdogo wake 'Malineo, alikuwa fundi wa kujenga, mtu anayekwenda na futi yake ya chuma kiunoni hata mazishini, na alikuwa amekwisha kukipima.

"Dada, pale panalala bure," alisema Jumapili moja, mdomo umejaa papa, ule ugali wetu mgumu. "Vyumba vya kupangisha, kwa mstari mmoja. Walimu wa sekondari wanatafuta pa kulala mpaka wanalia."

"Pale ni bustani," akasema Moliko.

Poloko akanyanyuka, akachungulia dirishani, akaketi tena. "Iko wapi, shemeji?"

"Inakuja."

"Ikifika nipigie simu."

"Bustani inatengenezwa wakati wa baridi, wewe! Ikifika masika, Agosti hiyo, hujaandaa udongo, umekwisha. Wewe unajua nini zaidi ya saruji?"

"Najua kwamba saruji haikauki kwa maneno."

'Malineo akaweka sufuria mezani kwa kishindo kidogo, wakanyamaza wote wawili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na aliyatumia yote siku hiyo. "Sikilizeni. Mwezi wa Agosti mipichi ikichanua, nitatoka nje na kapu la mbegu. Nikikuta kitanda cha mboga kilicho tayari kupandwa, pale ni bustani, na wewe Poloko usiniletee tena habari za walimu. Nikikuta porojo, lete mawe yako."

Siku iliyofuata Moliko alikuwa uwanjani kabla ya moshi wa kwanza, amevaa mavazi ya kazi: buti za mpira, ovaroli, na helmeti. Hakuna aliyemwuliza helmeti ya nini. Alikuwa na furaha ya kijana aliyepewa farasi. Aling'oa magugu yaliyokauka, akakwatua nyasi, akakusanya majani ya mipichi yaliyokuwa yameanza kupukutika, akayarundika pembeni na kuyawekea mawe yasipeperuke. Akaziba matundu ya uzio kwa miiba. Kila alipomaliza jambo alikuwa akirudi nyuma hatua chache kulitazama, na wakati mwingine akalipigia makofi.

Redio ilikuwa imekwisha kueleza la kufanya. Unachimba mtaro wakati wa majani kupukutika, unaujaza tabaka kwa tabaka: makopo yenye kutu, mifupa, mabua, majivu, samadi, udongo, kisha unaanza tena, baridi yote vitu hivyo vinaoza pamoja humo ndani, na masika unapanda juu ya kitanda chenye afya. Moliko alisikiliza kwa makini mpaka mtangazaji aliposema mtaro uwe wa kina cha goti.

"Goti?" akaiambia redio. "Huko si kuchimba. Huko ni kujikuna."

Angekuwa peke yake, huenda angeishia kiunoni. Lakini wanaume wa migodini walikuwa wamerudi wengi, nao walikuwa wakishinda wameegemea kuta zenye jua, wamejifunga mablanketi, hawana la kufanya. Wawili walikuja kusimama kwenye uzio. Mmoja alikuwa Kelebone, aliyekuwa mshika keekee, mwenye masikio yaliyokufa nusu na sauti ya kufidia. Mwingine alikuwa Tlali, aliyekuwa msimamizi wa kundi. Walitazama lile shimo kama wachungaji watazamavyo ng'ombe wa mtu mwingine.

"Nani msimamizi hapa?" akauliza Tlali.

"Hakuna," akasema Moliko.

"Ndiyo maana." Akaruka uzio.

Tangu siku hiyo bustani ikawa na zamu. Kila asubuhi walisimama kwanza kwa kikao cha usalama, helmeti vichwani, pumzi zikiwatoka puani kama farasi.

"Leo tuna hatari gani?" Tlali anauliza.

"'Malineo!" anapaza sauti Kelebone.

"Nyingine?"

"Wewe na sepetu lako, uliniponda kidole jana!"

Kisha Kelebone anatazama juu, kwa kuwa kazi yake huko mgodini ilianza kwa kukagua mwamba ulio juu ya vichwa vya watu. Anaikagua anga ya Lesotho, buluu, bila wingu, mpaka kwenye milima ya Maloti. Anatoa ripoti kwamba paa liko salama. Hapo ndipo sururu zinaanza.

Ni vigumu kueleza furaha iliyokuwa mle ndani. Watu hawa walikuwa wamechukia mgodi kwa moyo wao wote, walikuwa wakiuota kwa jasho, na sasa, walipopewa nafasi ya kuchimba chochote wapendacho kwa namna yoyote waipendayo, walichimba mgodi. Walipofika kifuani waliona kuta zinahitaji kutegemezwa, wakakata nguzo. 'Malineo alipotaka kuanika nguo alikuta kamba imelala chini na nguzo zake hazipo. Walipofika vichwani walitengeneza ngazi. Wapita njia wakawa wanasikia vicheko kutoka ardhini na kuona udongo ukiruka wenyewe.

'Makatiso, jirani wa upande wa juu, alikuwa hakosi kwenye uzio wake. "Ramaqele!" aliita. "Unamzika nani huko?"

"Njaa, 'M'e!" akajibu Moliko, maana kila mama kwetu ni 'M'e.

"Basi ni ndefu, hiyo njaa yako!"

Mwisho wa Mei 'Malineo alishuka na chungu cha motoho, ule uji wetu mchachu, akafika ukingoni. Aliona helmeti tatu. Kisha akalitazama lundo la udongo kando ya shimo, akalizunguka taratibu, akakiweka chungu chini.

"Baba Lineo, udongo mweusi uko wapi?"

"Upi?"

"Ule wa juu. Ule ambao mimea inakula."

Wanaume watatu wakapanda ngazi mmoja mmoja, wakalitazama lundo. Mgodini, kila kinachotoka ambacho si dhahabu ni taka, na taka hazipangwi. Kilichotoka kwanza kinatupwa kwanza. Udongo mweusi wote wa uwanja ule ulikuwa umelala chini kabisa, na juu yake umekaa mlima wa mfinyanzi wa manjano ambao hata magugu yangeuogopa.

"Upo," akasema Moliko. "Upo... chini kidogo."

"Mmeuzika."

"Tumeufunika tu, 'M'e," akasema Tlali kwa heshima, amevua helmeti.

"Kizuri chini, kibaya juu. Hata fuko angeona aibu." Akamimina uji kwenye bakuli tatu, bila kumnyima mtu, jambo lililowaumiza zaidi. Alipokuwa akiondoka akageuka. "Na hilo shimo utalijaza na nini? Unajua linameza kiasi gani?"

Moliko hakujua. Alikunywa motoho yake akiwa ameketi kwenye ukingo, miguu inaning'inia shimoni, na kwa mara ya kwanza alipiga hesabu ya kwenda juu badala ya chini. Mtaro wa goti ungetaka makopo ya nyumba moja. Huu ulitaka makopo ya wilaya. Usiku ule baridi ya kweli ikashuka, na asubuhi lundo la mfinyanzi lilikuwa gumu kama kichwa cha nyundo. Poloko alipita, akalipiga teke, akacheka, akachechemea mpaka kwake. Wiki hiyohiyo akaanza kuulizia bei za mawe.

Kilichotuokoa ni jiwe jingine. Tlali alikuwa na tabia ya mgodini ambayo hakuna anayeiacha: akiona kijiwe kinachong'aa, anakilamba, anakielekeza kwenye jua. Alifanya hivyo siku moja ya Juni, akiwa amesimama juu ya ngazi, kichwa na mkono tu nje ya ardhi. Kilikuwa kipande cha jiwe jeupe kama vilivyo vingi kwetu. Akakitupa. Lakini 'Makatiso alikuwa uzioni, na yeye hakuona akikitupa.

Nchi yetu imewahi kutoa almasi kubwa za kuwatoa watu akili, na kila ukoo una mjomba ambaye nusura aipate moja. Kwa hiyo 'Makatiso hakuhitaji kusema uongo. Alisema tu alichokiona. Kufikia saa za chakula uwanja wa Ramaqele ulikuwa umejaa. Watu walikuja na masepetu, na majembe ya mkono, na vijiko vya kupakulia. Bibi mmoja alikuja na mto wa kukalia. Farasi walifungwa kwenye mipichi. Walioingia shimoni hawakutaka kutoka na waliokuwa nje hawakutaka kungoja.

"Ntate Moliko, baba yetu, tuambie ukweli, sisi ni majirani!"

"Nawaambia ni bustani!"

"Bustani ya ngazi?"

"Ni ya kabichi, jamani!"

"Eeh, kabichi! Na mimi nipe nusu kabichi basi, ndogo tu, ya pete!"

Poloko alifika mbio, hana futi kiunoni, amebeba chekeche lake la mchanga wa kujengea. Alimpita shemeji yake bila salamu na kushuka ngazi kama mtu aliyezaliwa humo. Siku hiyo, na ile iliyofuata, hakuna aliyefanya kazi kwa bidii zaidi katika bustani ya Moliko kuliko adui yake. Alilichimba lile shimo kwenda chini na pembeni mpaka likaanza kutoa maji. Alichekecha mfinyanzi, akachekecha tope. Alipoulizwa juu ya vyumba vya walimu alijibu kwamba walimu wana miguu, watatafuta.

Moliko alizunguka ukingoni akiwasihi watu wasikanyage majani yake. Furaha ilikuwa kwa kijiji kizima isipokuwa kwake. Kila chekeche lililotikiswa lilikuwa likilizidisha shimo, na mipichi haikuwa ikimsubiri.

Mchana wa pili akaja chifu. Chifu wetu ni mwanamke, 'Mantsane, lakini cheo hakiangalii sketi: wote tunamwita Morena, yaani bwana. Alisimama ukingoni amejifunga blanketi lake kwa pini, na kelele zikakatika.

"Ramaqele. Hiki ni nini?"

"Bustani, Morena."

Chifu akainama, akachungulia ndani ya bustani. Huko chini kabisa alisimama Poloko, tope mpaka magotini, chekeche mikononi.

"Na yule ni mboga gani?"

Watu walicheka mpaka farasi wakashtuka. Chifu hakucheka. "Mmepata almasi?"

"Hapana, Morena," wakaitikia wengi, kwa huzuni ya kweli.

"Ahsanteni. Maana serikali ina sheria ya madini, na polisi wakija, mimi si mtu wa kusimama hapa na kuwaeleza kwamba hii ni kabichi. Shimo lifukiwe. Na kila aliyekuja kuchungulia, alete kitu cha kufukia. Hamkualikwa, lakini mmeshafika."

Watu wakaanza kuushika ule mfinyanzi. Hapo Moliko akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Ha Lekena aliyewahi kumfanyia Morena: akamshika blanketi. "Morena, nakuomba! Wakirudisha huo mimi nimekwisha. Lifukiwe, lakini kwa utaratibu!"

"Utaratibu gani?"

Akaukariri kwa pumzi moja, kama alivyousikia redioni: makopo, mifupa, mabua, majivu, samadi, udongo.

Chifu akalichomoa blanketi lake mkononi mwa Moliko polepole. "Hizo ni taka zote za kijiji."

"Ndiyo, Morena."

"Na majivu? Yale malundo ya majivu milangoni, ambayo nimepigia kelele tangu nikalie kiti hiki?"

"Hayo hasa, Morena. Yote."

Kwa mara ya kwanza tukaona uso wa chifu wetu umechangamka. "Tlali! Wewe si ulikuwa msimamizi? Simamia."

Sijui kama pamewahi kuwa na sikukuu kwetu iliyoishinda wiki ile. Matoroli yalishuka njia zote tatu za kijiji. Yalikuja makopo ya samaki na ya maziwa, ndoo zilizotoboka, sufuria zisizo na matako, springi za kitanda, mifupa ya ng'ombe wa mazishi ya watu tuliokwisha kuwasahau. Mishubiri ilikatwa kwenye kingo na kuletwa kwa mafungu. Majivu yalikuja kwa magunia, watu wakawa weupe mpaka kope. 'Makatiso alileta baiskeli ya marehemu mumewe na kuisukumia shimoni kwa nguvu na furaha iliyotufanya tutazamane.

'Malineo alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni, na hakuna aliyemwuliza ameanza kusimama hapo lini. "Plastiki hapana! We, hiyo chupa rudi nayo! Mabua yalazwe, yasisimame! Kelebone, kanyaga!"

"Nini?"

"Kanyaga!"

"Nakanyaga, 'M'e, siwezi kusikia lakini nakanyaga!"

Yote yakaenda vizuri mpaka tabaka la samadi. Hapo matoroli yakapungua, watu wakakumbuka kazi zao. Kwetu samadi ya zizini inakatwa kwa mabamba, inakaushwa, inapangwa kama ukuta kando ya nyumba, na huo ukuta ndio moto wa Juni na Julai. Hakuna kuni za kutosha milimani. Huwezi kumwomba mtu samadi katika kipupwe, kama usivyoweza kumwomba suruali aliyoivaa. Moliko alilijua hilo na hakuomba. Alikaa juu ya tabaka la mabua, shimo limejaa nusu, akalitazama. Bila samadi lilikuwa kaburi la makopo, na makopo hayawezi kuotesha hata kitunguu.

"Tutatafuta kondoo," akasema Tlali. "Kondoo nao wananya."

"Kondoo wangapi?" akauliza Moliko.

Tlali akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli.

Ndipo tukasikia toroli likishuka kutoka nyumbani. Alikuwa 'Malineo. Alikuwa amelijaza mabamba ya samadi kutoka kwenye ukuta wake mwenyewe, ule alioukata mwezi wa Machi na kuupanga kwa mikono yake. Akalipindua ukingoni, vumbi likapanda, akageuza kurudi kuchukua mengine.

Moliko akatoka shimoni kwa mikono na magoti. "'Malineo! Tutapika na nini?"

"Na matawi ya mipichi. Si unaipogoa wiki hii? Au uliambiwa mipichi inajipogoa?"

"Hayatoshi mpaka Agosti! Tutaganda!"

"Umekaa maisha yako yote kwenye joto la mgodi, Baba Lineo. Ganda kidogo." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yetu lakini tuliisikia, "Mimi sitaki walimu wakinyoa chini ya dirisha langu."

 Moliko akamnyang'anya toroli na kukimbia nalo kupanda mteremko, likiruka-ruka, helmeti imemwangukia machoni. Kelebone akaanza kuimba bila kujua ni kwa nini. Jioni ile Tlali alikuja na toroli lake mwenyewe la mabamba, akasema ameyakuta njiani. Siku ya pili watu kadhaa wakaanza kuyakuta njiani.

Julai ilikuwa ndefu katika nyumba ile. Walilala mapema, na mablanketi yote, na hata yule mbwa. Mchana walifanya kazi, na kazi ikawatia joto. Moliko alipogoa mipichi, 'Malineo akiwa chini akimwelekeza kwa fimbo tawi gani likatwe na lipi liachwe, na mashina wakayapaka chokaa. Mfinyanzi waliutandaza uwanjani kote, mwembamba, kwa shauri la 'Malineo; usiku barafu ya sakitu iliupasua, mchana jua likaulegeza, wao wakaupiga kwa fito. Theluji ilianguka mara moja, ikakaa, ikayeyukia mle ndani. Kufikia mwisho wa mwezi mfinyanzi ule mgumu ulikuwa unavunjika mkononi kama mkate wa jana. Chini ya lundo, mwishoni kabisa, wakaukuta udongo mweusi, wote, haujapungua, na Moliko akaupandisha juu ya kitanda kwa sepetu kama mtu anayerudisha mali ya watu. Kitanda kilizama, wakaongeza. Kikazama tena, wakaongeza.

Mpichi wa kwanza kuchanua ulikuwa ule wa pembeni, uliokingwa na ukuta. Moliko aliliona ua lile asubuhi akaliita jina la Mungu. Upepo wa Agosti ulikuwa unapeperusha vumbi la nchi nzima. 'Malineo akatoka na kapu la mbegu kama alivyosema, na Poloko akatokea barabarani kama ilivyotarajiwa, futi imerudi kiunoni, mtaimbo begani. Habari za almasi hazikutajwa. Yeye, alituambia baadaye, hakuwahi kuziamini.

"Dada, kitanda nakiona, sikatai," alisema. "Kazi mmefanya. Lakini bustani ni kipande hiki tu. Chumba kimoja, hata viwili, vinaingia hapa pembeni, kichwani mwake. Msingi mfupi tu. Nipe nipime udongo."

Moliko akaduwaa. Hakuwa amefikiria pembeni. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba kazi ya kipupwe kizima imeokoa kipande tu.

Poloko akaupandisha mtaimbo kwa mikono miwili na kuuchoma chini, kwa nguvu za fundi aliyezoea mawe. Mtaimbo haukusimama. Uliingia wote, kama kisu kwenye siagi, na Poloko akaufuata mpaka akawa amepiga magoti, ngumi zake zimegusa udongo. Akauvuta. Ukatoka na harufu ya zizi na joto kidogo. Akasogea hatua kadhaa, akachoma tena. Ukaingia tena. Yeye mwenyewe, siku zile mbili za chekeche, ndiye aliyelipanua shimo mpaka huko pembeni, akifuata kile alichokuwa akikifuata, nalo likajazwa taka lote na mfinyanzi ukapafunika. Akachoma mara ya tatu, na mtaimbo ukagonga kitu kilicholia kama kengele.

"Baiskeli yangu hiyo!" akapaza sauti 'Makatiso kutoka uzioni.

Poloko akasimama, akajipangusa magoti. Alikuwa fundi mzuri, na fundi mzuri hadanganyi juu ya msingi. "Hapa hapajengeki," alisema. "Ukiweka ukuta hapa, kabla ya Krismasi mwalimu analala na makopo."

"Basi vuta chuma chako," akasema 'Malineo, "unanitoboa kitanda."

 Moliko alivua helmeti, akaipachika kwenye tawi, akapiga magoti mahali palipo laini zaidi.  'Malineo akamwekea kiganjani mbegu za kitunguu, nyeusi, ndogo kama baruti, akamwelekeza mstari. Moliko akachukua ya kwanza kwa ncha za vidole, akaiweka udongoni na kuisukuma chini kwa kidole chote mpaka kikazama hadi pingili ya mwisho.

"Ee, Baba Lineo!" akaguta mkewe, akipiga magoti upande wa pili. "Juu! Juu kabisa! Itoe hiyo!"

Akaanza kuitafuta.